Samaki Wanaokufa Alfajiri

Mkulima mmoja wa hapa Mumbuni alikuja ofisini asubuhi na ndoo ya ngege waliokufa. Hawakuwa na jeraha wala doa. Alikwisha kumshuku jirani yake kwamba ametia sumu kidimbwini, na maneno mabaya yalikuwa yamesemwa.

Tulimwuliza: walikufa saa ngapi, nao ni wakubwa au wadogo? Akajibu, alfajiri, na wengi ni wale wakubwa. Basi yaelekea si sumu. Dawa ya kunyunyizia mboga haingoji alfajiri, na mara nyingi huua wadogo kwa wakubwa pamoja na wadudu wa majini. Hawa walikosa hewa.

Ukijani ulio majini hutoa hewa mchana kwa nguvu za jua, lakini usiku nao huitumia hewa ile ile pamoja na samaki. Samadi ikizidi, ukijani huzidi, na uozo wake hula hewa pia. Kabla ya jua kuchomoza hewa huwa chache kabisa, hasa baada ya siku ya mawingu, nayo Julai hapa kwetu mawingu hayakosi.

Ukiona samaki wako juu wakihema kwa midomo wazi, acha samadi na chakula. Ingiza maji mapya yakianguka kutoka juu, hata kwa ndoo. Ondoa waliokufa. Usitie dawa yoyote.

Kila juma tumbukiza mkono kidimbwini. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, samadi imezidi.

Yule mkulima alikuwa akitia samadi kila siku. Jioni ile alikwenda mwenyewe kwa jirani. Hatukuuliza walisemezana nini.