Mchungwa Ukigeuka Manjano

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Lakini sisi watu wa Ukambani tunajua vyema kwamba si kila wingu lina mvua. Mpenzi msomaji, mchungwa nao ni vivyo hivyo. Jani likigeuka manjano, kila mpita njia husema, "Tia mbolea!" Katika makala haya nataka kueleza kwa nini shauri hilo linaweza kukupotezea pesa, miaka na hata shamba zima la michungwa. Nitaeleza pia jinsi mwanafunzi mwenye kipande cha msasa na matone machache ya iodini anavyoweza kuwafaa wazazi wake kabla maji hayajazidi unga.

Nyumbani kwetu ni upande wa vilima vya Iveti. Susu, yaani nyanya yangu, ana michungwa kumi na minane iliyopandwa kando ya matuta. Michungwa hiyo ndiyo iliyomsomesha baba na ndugu zake wawili, na sasa inanisomesha mimi. Mwaka jana mti mmoja ulitoa tawi la manjano huku matawi mengine yakiwa kijani kama kawaida. Muda si muda mti wa jirani yake nao ukaanza. Baba akasema ni njaa ya udongo. Akatenga pesa za mifuko miwili ya mbolea, na pesa zenyewe zilikuwa za chakula changu cha mchana hapa shuleni. Sikufurahi hata kidogo, lakini ningesema nini? Mkubwa akishasema, imekwisha.

Bahati nzuri nilimweleza mwalimu wetu wa Bayolojia jambo hilo. Yeye hakunijibu. Aliniuliza tu, "Umelisoma jani?" Nilicheka, maana sikujua kumbe jani husomwa.

Jani la mchungwa husomwa hivi. Lishike na ulitazame pande mbili za mshipa wa katikati. Kama mti umekosa madini ya zinki, manjano hujitokeza kati ya mishipa, na upande wa kushoto hufanana na wa kulia. Majani machanga ndiyo huanza, tena kwa kawaida utayaona sehemu nyingi za mti. Kama ni naitrojeni iliyopungua, majani makuukuu ndiyo hupauka kwanza, na hupauka lote zima. Hizo ni njaa, na njaa dawa yake ni chakula. Lakini ukiona mabaka ya manjano yasiyolingana, upande huu hivi na upande ule vile, na yameanzia kwenye tawi moja tu, basi shuku ugonjwa. Lichunguze tunda pia. Tunda la mti mgonjwa huwa dogo, limepinda upande, chungu, na sehemu ya chini hubaki kijani hata likiiva. Ukilipasua, mbegu nyingi ndani zimesinyaa na kuwa nyeusi.

Ugonjwa huu watafiti huuita huanglongbing, jina la Kichina lenye maana ya ugonjwa wa chipukizi la manjano. Huletwa na bakteria wanaoishi ndani ya mirija inayosafirisha chakula kutoka kwenye majani. Huku kwetu Afrika hasa huenezwa na mdudu mdogo mno anayeitwa Trioza erytreae, ambaye hufyonza utomvu wa majani machanga. Watoto wake hukaa chini ya jani, kila mmoja katika kishimo chake, na kwa juu jani huota vinundu kama upele. Mdudu huyo hapendi joto kali na ukavu. Mayai na watoto wake hufa. Ndiyo sababu sisi wa vilimani kwenye ubaridi tuna hatari zaidi kuliko wenzetu wa kule Kibwezi katika Makueni, ambayo hadi mwaka 1992 ilikuwa sehemu ya wilaya yetu ya Machakos.

Sasa lililo zito ni hili: ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya mti. Si mbolea, si majivu, si dawa ya kunyunyiza. Mbolea inaweza kuufanya mti uchangamke kidogo na kutoa majani mapya, lakini bakteria wamo ndani bado, na majani hayo mapya ndiyo karamu ya mdudu. Kwa hiyo mwenye kutia mbolea bila kujua anaweza kuwa anawakaribisha wageni waje kuuchukua ugonjwa na kuupeleka kwa miti mizima.

Je, utajuaje kabla ya kununua mifuko? Hapa ndipo somo la Kidato cha Kwanza linapoingia. Sote tunakumbuka kwamba iodini ikikutana na wanga hugeuka rangi ya samawati iliyokolea karibu na weusi. Basi mirija ya mti mgonjwa ikiziba, chakula kilichotengenezwa na jani hakiwezi kuteremka. Wanga hulundikana jani zima, kama malori yaliyokuwa yakipanga foleni kwenye mizani pale Mlolongo. Watafiti wa Japani na Marekani walitumia jambo hilo kubuni kipimo cha shambani ambacho hakihitaji mashine yoyote.

Tulikifanya siku ya Ijumaa baada ya masomo. Nilichuma majani yaliyokomaa kutoka miti mitatu: miwili yenye tawi la manjano na mmoja mzima wa kulinganisha. Kila jani nilikuwa nimelitia katika karatasi yake na kuandika namba. Unachukua kipande kidogo cha msasa, unakwangua uso wa juu wa jani mara kama ishirini, kisha unautia msasa huo katika kikombe chenye maji kidogo sana. Halafu unadondoshea iodini na kukoroga. Maji ya mti mzima yalibaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe. Maji ya ile miti miwili yaligeuka meusi mbele ya macho yetu. Darasa lilinyamaza kimya. Wengine walifurahi kwa sababu jaribio limefaulu, lakini mimi moyo ulinidunda paa! Nilijua maana yake nyumbani.

Msomaji, nisije nikakupotosha. Kipimo hiki hutoa shaka kubwa, si hukumu. Tawi lililovunjika au lililokatwa gome linaweza nalo kulimbikiza wanga. Uthibitisho kamili hupatikana katika maabara zinazotambua chembe za urithi za bakteria. Kwa hivyo mwalimu alinishauri nimwite afisa wa kilimo. Alikuja, akasoma majani, akapasua machungwa mawili, akageuza majani machanga na kutuonyesha vile vishimo vya mdudu. Akasema miti ile miwili ing'olewe.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mmoja ulikuwa mche mdogo ulionunuliwa miaka minne iliyopita kutoka kwa mchuuzi wa kando ya barabara. Huo hakuna aliyeulilia. Lakini wa pili ulikuwa mkongwe kuliko yote shambani. Susu aliushika shina akaniambia, "Mwana wakwa, mti huu umezaa wanafunzi watatu. Ngojeni basi nivune mara moja tu." Nilimweleza kwamba kila chipukizi jipya ni kitanda cha mdudu, na kwamba miti kumi na sita bado imesimama. Hakunijibu. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alimwita jirani mwenye shoka mwenyewe.

Kung'oa nako kuna utaratibu. Kwanza wadudu hunyunyiziwa dawa, maana ukikata bila kunyunyiza wataruka na kuhamia mti wa pili. Kisha kisiki hung'olewa na mizizi, kwa kuwa machipukizi ya kisiki kigonjwa ni magonjwa vilevile. Zile pesa za mbolea zilipunguka kidogo tu kwa kununua dawa. Zilizobaki zikarudi kwenye chakula changu.

Pengine utasema, miti miwili ni kitu gani? Tutazame wenzetu. Afrika Kusini imeujua ugonjwa huu tangu miaka ya 1920, na ni watafiti wa huko walioonyesha mwaka 1965 kwamba Trioza ndiye anayeueneza. Kule Florida, Marekani, ugonjwa huu wa aina ya Kiasia uligunduliwa mwaka 2005. Msimu wa 2003/04 jimbo hilo lilivuna masanduku ya machungwa yapatayo milioni 242. Msimu wa 2022/23 hayakufika milioni 16. Vimbunga vilichangia, lakini ugonjwa ndio ulioanza kuwavunja mgongo. Na mdudu wa Kiasia, Diaphorina citri, amekwisha kubisha hodi kwetu: mwaka 2016 ilitangazwa kuwa ameonekana Tanzania, na mwaka 2017 Kenya. Huyu haogopi joto, kwa hivyo hata wale wa nyanda za chini wasilale usingizi.

Hata hivyo, tusikate tamaa. Katika kisiwa cha Réunion, miaka ya 1970, wataalamu walileta nyigu wadogo wasiodhuru watu, ambao hutaga mayai kwa watoto wa Trioza na kuwaua. Mdudu huyo alitoweka kisiwani. Hapa Kenya watafiti wa ICIPE, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, wanaendelea kuwachunguza wadudu hawa.

Lakini kinga ya kwanza iko mikononi mwetu, nayo ni mche. Mche mzuri huanzia kwenye mbegu ya limau la kienyeji lenye ganda la makunyanzi, kwa sababu mizizi yake ina nguvu na huvumilia kiangazi chetu. Ukifikia unene wa penseli, gome hupasuliwa kwa umbo la herufi T, kiasi cha sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini. Hapo huingizwa jicho la mchungwa unaoutaka, Washington Navel au Valencia, na kufungwa kwa utepe wa plastiki. Ugonjwa haujulikani kupita kwenye mbegu; hupita kwenye jicho. Jicho likitoka kwa mti mgonjwa, umenunua msiba kwa pesa zako. Basi muulize mwuza miche: jicho limetoka mti gani? Je, kitalu chako kimekaguliwa na KEPHIS? Akikasirika, nenda zako.

Ukishapanda, usiufukie mahali pa kiungo, wala usilundike samadi mbichi kwenye shina, maana shina litaoza. Chimba beseni la kukusanya maji ya mvua, lakini maji yasiguse shina. Na kila mvua inapoleta majani mapya, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, zunguka shambani ukigeuza majani machanga chini juu. Ni kazi ya nusu saa.

Ningependa kutia nanga hapa. Katika mashimo mawili yaliyobaki, Susu ametia samadi na kuyaacha wazi. Hajapanda kitu. Kila mtu akimletea mche, humwuliza swali moja tu: "Jicho hili limetoka wapi?" Mpaka leo hajapata jibu lililomridhisha. Enyi wenzangu, jioni ya leo mkifika nyumbani, kabla mzazi hajafungua mkoba wa kununua mbolea, chumeni jani moja mlisome.