Spika Inapotoweka Mtandaoni, Tuanzie Wapi?

Kwa mzee ambaye macho yake yamedhoofu, spika isiyotumia waya ni msaada mkubwa: kwayo husikiliza habari na darsa. Inapotoweka ghafla katika orodha ya simu, mzee hubaki na ukimya, na vijana hukimbilia kununua nyingine. Aghalabu spika yenyewe ni nzima.

Kwanza, hakikisha simu na spika zimo katika mtandao mmoja. Simu iliyohamia kwenye data ya laini haiioni spika. Na mtandao wa wageni kwa kawaida hutenganisha vifaa. Pili, ikiwa VPN imewashwa, izime. Tatu, zima ruta, subiri nusu dakika, uiwashe. Kisha fanya hivyo kwa spika. Nne, tazama ilipowekwa: masafa ya gigahezi 5 hudhoofika ukutani upesi kuliko ya 2.4, na kuta nene za mawe huzidisha tatizo. Tano, ikiwa neno la siri la Waifai limebadilishwa, spika haina budi kuunganishwa upya.

Ndugu msomaji, kabla ya kutoa fedha, toa robo saa. Huenda mzee akarejea katika darsa lake jioni hii hii.