Magonjwa na Sheria Zake (6): Daktari anayengoja uhakika

Jumamosi ya tarehe 26 Aprili 2025 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba Ebola ya Sudan imekwisha nchini Uganda. Zilihesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya, na Kampala ikashusha pumzi. Kwa jumla waliugua watu 14: maabara ilithibitisha 12, na wawili walihesabiwa kwa dhana. Wanne walikufa. Kwa jiji lenye soko kama Owino na stendi kama ya Kisenyi, ambako watu husuguana mabega tangu alfajiri, hesabu hiyo ni ndogo, na walioifanya iwe ndogo wanastahili heshima. Aina za virusi na njia zake za kuambukiza tulizimaliza katika sehemu ya pili na ya tatu, sirudii.

Mimi nimebaki nawaza wale wawili wa dhana.

Katikati ya Februari wagonjwa wanane wa kwanza walikwisha kurudi makwao, na watu walianza kupeana mikono tena. Mwishoni mwa mwezi mtoto wa miaka minne akafia Mulago kwa ugonjwa uleule, na jina lake halikuwa katika orodha yoyote ya watu waliokuwa wakifuatiliwa. Wachunguzi walipofuata nyayo wakafika kwa mama yake na ndugu yake mchanga, ambao walikuwa wamekufa na kuzikwa kabla yake. Ndiyo maana wakaitwa wa dhana: aliye kaburini hapimwi damu. Mtu haugui hadi kufa katika jiji hili bila kupita mlango fulani, uwe wa duka la dawa, wa kliniki ya mtaani au wa wodi ya wazazi. Na nyuma ya kila mlango hukaa mtu mwenye kalamu.

Kalamu hiyo ndiyo hoja yangu. Wanaonifahamu wanatabasamu sasa hivi, maana wanajua nitawapeleka Mengo.

Daktari wa misheni Albert Cook alifika Mengo Februari 1897, na mwezi Mei akafungua hospitali ya miti na nyasi. Mengi yameandikwa juu ya upasuaji wake, na juu ya mkewe Katharine na wakunga aliowafundisha. Kwangu mimi jambo kubwa kuliko yote ni madaftari. Cook aliandika kila mgonjwa: alikotoka, alichokilalamikia, kilichoonekana, kilichofanyika, na mara nyingine mchoro wa mkono pembeni. Aliandika akiwa amechoka, aliandika akiwa hajui anachokiona. Mwaka 1902 radi iliteketeza hospitali ikajengwa upya, na daftari likaendelea. Leo majalada hayo yamo katika maktaba ya tiba ya Makerere yenye jina lake, na ningekuwa na amri, hakuna mwanafunzi ambaye angeapishwa udaktari kabla ya kukaa siku nzima akiyafunua.

Mapema mwaka 1901, Albert na ndugu yake Jack waliona Mengo wagonjwa wa kwanza wa kile ambacho Waganda walikwisha kukiita mongota: mtu anasinzia katikati ya maneno, kichwa kinaanguka, anakonda, anakufa. Walichukua damu, wakatazama kwa hadubini, wakaandika, wakapeleka habari. Mwaka uliofuata Royal Society ya London ikaleta tume yake. Kijana wa Kiitalia, Aldo Castellani, alidhani kwanza kwamba ni bakteria, kisha akaviona vijidudu vya tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo. Mwaka 1903 akaja David Bruce, na hapo ndipo kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote katika historia ya tiba ya nchi hii.

Bruce alishuku mbung'o. Lakini mbung'o wako wapi, na ugonjwa uko wapi? Nchi ni pana na yeye ni mgeni. Alikwenda kwa Katikkiro, waziri mkuu wa Buganda, Apolo Kagwa. Kagwa akawaagiza machifu, nao wamisheni wakasaidia, kila mmoja anase nzi wa kwao na kuwapeleka Entebbe pamoja na habari ya mahali walikonaswa na kama mongota upo huko. Wakaja nzi wa kila namna, wengi wasiohusika kabisa. Bruce akaweka alama kwenye ramani, ya nzi na ya ugonjwa, na alama hizo mbili zikalaliana kandokando ya ziwa. Chifu aliyenasa nzi hakujua tripanosoma ni nini, na hakuna aliyemtaka ajue. Alitakiwa aseme alichokiona, na pale alipokiona, bila kukawia.

Hayo hayakuzuia msiba. Katika miaka michache Busoga na pwani ya Buganda zilipoteza watu zaidi ya 200,000, na Gavana Hesketh Bell akaja kuwahamisha kwa nguvu wakazi wa ukingo wa ziwa na baadaye wa visiwa vya Ssese, waache mashamba na makaburi ya wazee wao. Hilo ni somo la siku nyingine, nalo ni chungu. Lakini nani atathubutu kusema ingekuwaje kama ile ramani ingechorwa miaka mitatu mapema?

Niruhusuni kisa kimoja zaidi kabla ya kufika kwenye sheria. Mwaka 1957 Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt wodini Mulago amtazame mtoto mwenye uvimbe pande zote nne za taya. Burkitt, ambaye tangu utotoni alikuwa na jicho moja tu, hakuwahi kuona kitu kama hicho. Muda mfupi baadaye, Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye taya zilizovimba, akampapasa tumbo, akakuta uvimbe huko pia. Aliandika makala mwaka 1958, wachache wakaisoma. Wengine wangeishia hapo. Yeye alichapisha karatasi zenye picha na maswali machache akazituma kwa posta katika hospitali za serikali na za misheni kote Afrika: je, umemwona mtoto wa namna hii? Mwaka 1961 akanunua gari la mitumba kwa pauni 250, akamchukua Ted Williams wa Kuluva, kule West Nile, na Cliff Nelson, wakasafiri maili 10,000 kwa wiki kumi wakiuliza swali hilohilo kwa mdomo. Majibu yalichora mkanda wa nchi zenye joto na mvua. Mwaka huohuo Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akihutubia London, akaomba vipande vya uvimbe, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakatangaza kirusi ambacho leo kila mwanafunzi wa tiba anakijua kwa jina lake na la Yvonne Barr.

Mwaka huo wa 1964 Profesa Jack Davies na wenzake walichapisha uchambuzi wa saratani zote zilizoandikwa Mengo tangu 1897. Walikuwamo watoto wenye uvimbe wa taya, wakimsubiri Burkitt kwa miaka hamsini. Cook hakuwa na jina la ugonjwa wao. Alikuwa na wino.

Sasa nirudi kwenye Ebola, nayo inanirudisha Gulu. Oktoba 2000 Dk. Matthew Lukwiya alikuwa hapa Kampala akisomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Ikaja simu kutoka hospitali yake ya Lacor: wanafunzi wa uuguzi wanakufa, na hakuna anayeelewa. Akarudi, akakesha akisoma mafaili, akaona homa, kutapika, damu. Kabla maabara ya Afrika Kusini haijatamka neno, akapiga simu wizarani na kutenga wodi. Waliougua walifika 425, waliokufa 224, naye mwenyewe akafa tarehe 5 Desemba. Tunamwita shujaa kwa sababu alibaki wodini, na ni kweli. Mimi namheshimu zaidi kwa ile simu. Angeweza kungoja majibu, na hakuna ambaye angemlaumu.

Wengi wetu tunangoja. Methali ya mficha maradhi tumezoea kumrushia mgonjwa, kana kwamba sisi waganga haituhusu. Katika wodi na kliniki zetu kutoa taarifa kunanuka uchongezi. Ukimpigia ofisa wa afya wa wilaya unaambiwa umeita serikali nyumbani kwa watu. Mwenye kliniki anaogopa wateja watamkimbia, mlango utafungwa, wafanyakazi watawekwa karantini siku 21 na kodi ya chumba haitangoja. Daktari kijana anaogopa kuchekwa na mkubwa wake majibu yakirudi kwamba ilikuwa malaria tu. Hofu hizi ni za kweli, na serikali ina deni hapo: kliniki iliyotoa taarifa kwa uaminifu isiadhibiwe zaidi kuliko ile iliyonyamaza. Lakini hofu ya kuchekwa, hiyo siihurumii hata kidogo.

Siihurumii kwa sababu naijua. Miaka mingi iliyopita, katika hospitali moja ya wilaya ambayo siitaji, Ijumaa jioni nililetewa mvuvi anayeharisha maji kama yaliyooshewa mchele. Macho yamezama, ngozi ukiifinya inabaki imesimama. Nilijua ni nini. Daftarini nikaandika "kuhara kukali", kwa sababu mtu wa maabara alikuwa amekwenda kwao na angerudi Jumatatu, na sikutaka kupiga kengele ya kipindupindu halafu nionekane mtoto. Jumatatu asubuhi walikuwa kumi na mmoja wodini, wawili wao kutoka nyumba ya yule mvuvi. Neno nililoandika halikuwa uongo. Ndiyo maana linaniuma.

Mhariri ananionyesha saa, kwa hiyo yaliyobaki, ambayo pengine ndiyo wengi wenu mliyoyafuata, nayasema mbio. Sheria yetu ya Afya ya Umma ni ya mwaka 1935. Imerekebishwa karibuni, faini zikapandishwa, lakini wajibu wa daktari kupeleka taarifa ya ugonjwa wa kuambukiza umo tangu mwanzo. Mwongozo wa ufuatiliaji wa magonjwa unaotumika nchini unakwenda mbele zaidi: kwa Ebola, kipindupindu, mpox na wenzao, anayetolewa taarifa ni mgonjwa anayeshukiwa, na ni ndani ya saa 24. Majibu ya maabara yanakuja baadaye, wala si kazi yako kuyangoja. Kipimo kinachotumika sasa kupima nchi ni saba-moja-saba: siku saba za kugundua, moja ya kutoa taarifa, saba za kuwa na mipango yote ya awali uwanjani. Ile moja ya katikati ni yako wewe. Ujumbe wa simu kwenda 6767 unafika, na namba ya bure ya wizara ni 0800 100 066. Fomu ya kila wiki, 033b, ijazwe hata kama safu zote ni sifuri, kwa maana sifuri iliyoandikwa ni habari na nafasi tupu si habari.

Juu ya chanjo: iliyosajiliwa ni ya Ebola ya Zaire, msimwambie nesi aliyechanjwa hiyo kwamba amekingwa na ya Sudan. Jaribio la chanjo ya Sudan lilianza Kampala tarehe 3 Februari, siku nne tu baada ya mlipuko kutangazwa, nalo likapewa jina la Kiswahili, Tokomeza. Jina hilo limenifurahisha kuliko ninavyopaswa kukiri. Na wanaohaha kutafuta alama za masomo endelevu kwa ajili ya leseni ya mwaka ya Baraza la Madaktari, tafadhalini, chagueni hata semina moja ya ufuatiliaji wa magonjwa badala ya zote kuwa za hoteli za Munyonyo zenye chakula kizuri.

Wiki ijayo tutaanza na chanjo ya malaria iliyozinduliwa Apac tarehe 2 Aprili, dozi zake nne, na swali nililoletewa na daktari mmoja wa Nakawa kuhusu mtoto aliyepata ya kwanza akakosa ya pili kwa sababu mama alihama.