Mchezaji wa Shule ni Mtoto Kwanza: Ripota Akomee Wapi?

Green Commandos wa Kakamega School wakikutana na Scorpions wa Musingu, gumzo huanza sokoni na kwenye matatu siku kadhaa kabla ya mechi. Agosti 2025, kaunti yetu ilipokuwa mwenyeji wa michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki (FEASSSA), gumzo hilo lilivuka mipaka ya nchi. Wengi wasiofika uwanjani hutegemea maripota wa redio, magazeti na mitandao ya kijamii kujua nani kashinda.

Kazi hiyo ina manufaa. Mchezaji anayetajwa redioni leo huenda akaonwa na kocha kesho, akapata ufadhili wa karo au nafasi kwenye klabu. Hata hivyo, wengi wa wachezaji hawa hawajatimiza miaka 18. Kisheria ni watoto. Makala haya yanaeleza ripota ana ruhusa ya kufanya nini, akomee wapi, na mzazi achukue hatua gani mpaka ukivukwa.

SHERIA ZINASEMA NINI

Kifungu cha 34 cha Katiba kinalinda uhuru wa vyombo vya habari. Katiba hiyo hiyo inalinda faragha ya kila mtu katika Kifungu cha 31, na Kifungu cha 53 kinaweka maslahi ya mtoto mbele katika kila jambo linalomhusu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Wanahabari wamepewa nafuu pale ambapo habari ina manufaa kwa umma, mradi wafuate kanuni za maadili ya taaluma yao. Anayepiga picha na kuzisambaza tu mtandaoni bila kuzingatia kanuni hizo asitarajie nafuu hiyo.

Sheria hii ina meno. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

UWANJANI NA NJE YA UWANJA

Mechi inayochezwa mbele ya umma, kwa mfano katika Uwanja wa Bukhungu, ni habari. Ripota yuko huru kutaja wafungaji, kupiga picha za mchezo na kuchambua mbinu za kocha. Akiingia katika uwanja wa shule, apate kwanza ruhusa ya mwalimu mkuu. Vyumba vya kubadilishia nguo na mabweni si mahali pa kamera. Picha za wasichana zisipigwe kwa namna ya kuwadhalilisha.

Mahojiano yafanyike mwalimu au mzazi akiwepo. Si vyema ripota kuchukua nambari ya simu ya mwanafunzi na kuwasiliana naye faraghani. Mchezaji akiumia, inatosha kusema ametolewa nje. Maelezo ya matibabu ni siri yake na ya familia yake.

Kosa la mchezoni nalo liripotiwe kwa kiasi. Kusema mkwaju wa penalti ulipaa juu ya goli ni kueleza mechi. Kumwita aliyeupiga msaliti, kisha picha yake akilia izunguke kwenye WhatsApp, ni kumuumiza mtoto ambaye Jumatatu atarudi darasani na wenzake.

TETESI ZA "MAMLUKI"

Hapa ndipo maripota wengi huteleza. Timu ikishindwa, hukosi kusikia kwamba wapinzani walichezesha "mamluki" au mtu aliyepita umri. Ripota asichapishe cheti cha kuzaliwa cha mwanafunzi wala kumtangaza kuwa mdanganyifu kwa sababu tu ana ndevu. Aulize kama rufaa imewasilishwa kwa wasimamizi wa mashindano, asikilize shule inayolaumiwa, kisha aripoti uamuzi.

Hilo halimaanishi udanganyifu ufunikwe. Mwanafunzi hajisajili mwenyewe. Maswali magumu yaelekezwe kwa watu wazima waliotayarisha na kuidhinisha stakabadhi zake. Vivyo hivyo, mwalimu akimdhulumu mchezaji, pesa za safari zikipotea au uwanja ukiwa hatari, ripota achunguze, hata kama anayepaswa kujibu ni serikali ya kaunti. Faragha ya mtoto isigeuzwe pazia la kuficha makosa ya watu wazima.

RIPOTA NA SHULE YAKE

Katika kaunti yetu, si ajabu ripota kukuta shule aliyosoma iko uwanjani. Kuipenda si kosa, ila habari isiandikwe kishabiki. Asipokee pesa za "mafuta" kutoka kwa kocha ili amsifu mchezaji fulani, wala asiwe dalali wa kuwahamisha wachezaji kutoka shule moja hadi nyingine. Akishalipwa na upande mmoja, msomaji hawezi tena kujua kama sifa hizo ni za kweli.

UKIWA NA MALALAMIKO

Serikali ya kaunti haina mamlaka ya kumwadhibu mwanahabari, na haifai kuwa nayo. Hatua za kufuata ni hizi:

1. Hifadhi ushahidi: picha ya ukurasa, tarehe na jina la chombo au akaunti.
2. Wasiliana na mhariri na uombe habari irekebishwe au picha iondolewe.
3. Usiporidhika, peleka lalamiko kwa Tume ya Malalamiko ya Vyombo vya Habari.
4. Kuhusu picha au taarifa za mtoto zilizotumiwa bila idhini, andikia Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.
5. Mtoto akiwa hatarini, piga simu 116 bila malipo au umwone afisa wa watoto katika kaunti ndogo yako.

Nasi mashabiki tuna simu zenye kamera. Kabla ya kusambaza picha ya mchezaji, jiulize kama ungefurahi iwapo angekuwa mwanao.