NGUVU YA MKATABA WA HALI BORA IMO KWA WANACHAMA

Wapo viongozi wa matawi wanaodhani kwamba mkataba wa hali bora hupatikana kwa ufasaha wa Katibu anayekwenda kuzungumza na mwajiri. Dhana hiyo ni potofu. Mwajiri hashindwi kwa maneno. Anachopima ni kimoja tu: je, nyuma ya hao wachache walioketi mezani wapo wafanyakazi walioungana?

Historia yatufundisha nini? Mwezi Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma. Silaha yao ilikuwa umoja. Mgomo ulienea kufuata Reli ya Kati, na mishahara yao ikapandishwa. Kwa upande mwingine, NUTA ilipoundwa kwa sheria mwaka 1964, Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais, na ada ikakatwa kwenye mshahara. Chama kilikuwa na fedha na ofisi, lakini makato ya ada peke yake hayamfanyi mtu kuwa mwanachama hai.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, imeliweka jambo hili katika hesabu. Chama kilichosajiliwa hutambuliwa kuwa msemaji pekee pale tu kinapowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo la majadiliano. Kikishatoa taarifa, mwajiri ana siku 30 za kukutana nacho. Akikataa, shauri hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tawi lisilo na wingi huo halina mlango wa kuingilia.

Basi kazi ya tawi ni ipi?

Kwanza, kuandikisha wanachama idara kwa idara na zamu kwa zamu. Sheria inawaruhusu wawakilishi wa chama kuingia mahali pa kazi kuandikisha na kufanya mikutano. Haki hiyo itumike.

Pili, madai yatoke kwa wafanyakazi wenyewe. Mama anayenyonyesha na mlinzi wa usiku wanayajua matatizo yao kuliko ofisi ya mkoa.

Tatu, kila baada ya kikao na mwajiri, wanachama wapewe taarifa. Penye ukimya uvumi huingia, na uvumi humsaidia mwajiri.

Nne, rasimu isomwe mbele ya wanachama kabla ya kutiwa sahihi. Mkataba wa chama kilichotambuliwa huwafunga hata wasio wanachama katika eneo hilo; kwa hiyo nao waelimishwe na kuvutwa kujiunga.

Hata mgomo halali huamuliwa kwa kura za wanachama, si kwa amri ya kiongozi. Kiongozi aliyezoea kuamua peke yake atajikuta peke yake siku ya kura.

Kada aliyeko kiwandani asingoje msimu wa majadiliano ndipo aitishe mkutano. Mkataba huanza kuandikwa siku mwanachama wa kwanza anapoulizwa: wewe unataka nini?