Uhakiki wa Thamani za Ingizo katika Vijenzi vya Tovuti: Mfano wa Nambari ya Simu ya Burundi

1.0 Utangulizi

Kijenzi cha tovuti ni kipande cha programu kinachoandikwa mara moja na kutumiwa katika kurasa nyingi, kwa mfano kisanduku cha kujazia nambari ya simu au tarehe. Faida yake ni kwamba kazi hairudiwi. Hata hivyo, kosa lililomo ndani yake nalo husambaa kila kinakopelekwa. Makala haya yanafafanua namna kosa hilo linavyojitokeza katika uhakiki wa thamani, na yanatetea hoja kwamba kanuni za mahali zisifungiwe ndani ya kijenzi.

2.0 Tarakimu Tisa na Tarakimu Nane

Nchini Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, nambari ya simu ya mkononi huwa na tarakimu 9 baada ya msimbo wa nchi. Nchini Burundi, +257 hufuatwa na tarakimu 8 tu. Kijenzi kinachodai tarakimu 9 hufanya kazi barabara katika nchi hizo nne. Kikitumiwa katika fomu ya ufadhili inayolenga Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, mwanafunzi wa kampasi ya Kiriri ya Chuo Kikuu cha Burundi ataambiwa kuwa nambari yake si sahihi. Hapo ama ataiacha fomu, ama ataongeza sifuri ili ipokelewe. Njia ya pili ina madhara zaidi: data ya uongo huhifadhiwa kana kwamba imehakikiwa, na siku ya kuitwa kwenye usaili mwombaji hapatikani.

Orodha nazo zina hatari hiyo hiyo. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5. Kijenzi kilichobeba orodha ya zamani hukataa jibu lililo sahihi.

3.0 Mgawanyo wa Majukumu

Uhakiki unafaa kugawanywa katika ngazi tatu.

Kwanza, kijenzi chenyewe kikague yale yasiyotegemea nchi: iwapo kisanduku ki tupu, iwapo kuna herufi mahali pa tarakimu, na iwapo nambari imevuka tarakimu 15, ambazo ndizo kikomo cha kiwango cha kimataifa cha E.164 pamoja na msimbo wa nchi. Nafasi na vistari viondolewe kabla ya kuhesabu.

Pili, ukurasa unaokitumia kijenzi ukipe kanuni ya mahali: nchi, idadi ya tarakimu, orodha halali na ujumbe wa kosa, uwe kwa Kirundi, Kifaransa au Kiswahili. Kijenzi kikishapima, kiiarifu fomu matokeo kupitia kiolesura cha ElementInternals, kwa amri ya setValidity. Bila hatua hiyo, kisanduku chaweza kuonyesha rangi nyekundu ilhali fomu inatumwa.

Tatu, seva irudie uhakiki wote, kwa kuwa ukaguzi wa kivinjari unaweza kukwepwa.

4.0 Hitimisho

Kijenzi hakistahili kuitwa cha matumizi ya jumla kwa sababu tu kimenakiliwa mara nyingi. Kabla ya kukisambaza, kijaribiwe kwa nambari halali ya kila nchi inayolengwa. Nambari moja ya Burundi ingetosha kulifichua kosa lililoelezwa hapa, kabla halijamnyima mtu nafasi.