Fimbo ya Kuvulia ya Bei ya Kati: Soma Maandishi Juu ya Mpini Kabla ya Kusoma Jina la Kampuni

Mtu aliyezoea kuvua kwa mshipi wa mkono, siku akiamua kununua fimbo, hukutana na jambo la kushangaza dukani. Fimbo mbili, urefu uleule, rangi karibu ileile, lakini moja bei yake ni mara nne ya nyingine. Akiuliza tofauti anajibiwa neno moja: "Hii ni orijino." Basi, mazungumzo yameisha. Hapo ndipo hela za wengi zinapopotea, kwa sababu hata fimbo orijino inaweza kuwa si ya kazi anayotaka kuifanya.

Bei ya kati kwenye fimbo ni kama dola 40 hadi 100, bila rili. Kwa shilingi ni takriban 5,000 hadi 13,000 za Kenya, au 100,000 hadi 260,000 za Tanzania, kabla ya usafiri na ushuru. Chini ya hapo kuna zile za kuvuta na kurudisha kama antena ya redio, zinazouzwa pamoja na rili na ndoana ndani ya mfuko mmoja. Juu ya hapo kuna za mashindano na za boti za watalii wanaofuata nduaro bahari kuu. Kwa anayevua changu na tewa kwenye miamba ya Kilifi au Kigamboni, au sangara kwenye fukwe za Ziwa Victoria, hizi za kati zinatosha kabisa. Ila ndani ya kundi hili jina la kampuni ni jambo la kutazama mwishoni.

Jambo la kwanza ni yale maandishi madogo yaliyochapwa juu kidogo ya mpini, ambayo wengi huyapita kama namba ya kiwanda. Huwa yanasomeka hivi: 7'0", MH, Fast, 10–20 lb, 3/8–1 oz. Hiyo ndiyo fimbo yenyewe. Rangi na jina ni nguo tu.

Namba ya mwanzo ni urefu, hapa futi 7. Kwenye mtumbwi au boti ndogo futi 6 hadi 7 ni saizi nzuri. Ndefu zaidi itagonga mwenzako au mlingoti. Anayesimama kwenye mwamba au ufukwe wenye mawimbi anahitaji futi 9 na kuendelea, arushe mbali na mshipi upite juu ya povu. Gatini, katikati ya hapo.

Herufi zinazofuata ni nguvu. L ni nyepesi, M ya wastani, MH nzito kiasi, H nzito. Zinaeleza fimbo inahitaji nguvu kiasi gani ili ipinde. Neno Fast nalo linaeleza inapopindia: Fast hupinda karibu na ncha tu, Moderate hupinda hadi katikati, Slow hupinda yote hadi mpinini. Wauzaji wengi huyachanganya haya mawili na kusema "hii ni ngumu" au "hii ni laini", wakati fimbo inaweza kuwa na nguvu nyingi na bado ikapinda hadi katikati.

Tofauti hiyo inaonekana kwenye chambo. Anayevulia dagaa au kipande cha ngisi akitumia fimbo ya Fast iliyo kavu, akirusha kwa nguvu chambo kinachomoka hewani kabla hakijagusa maji. Atakaa nusu saa akisubiri samaki kwenye ndoana tupu. Kwa chambo laini, Moderate ni rafiki zaidi. Fast inamfaa anayetumia chambo bandia, anayetaka kuhisi kila mguso na kunasa ndoana papo hapo.

Halafu kuna lb, yaani ratili. Ratili 1 ni kama kilo 0.45, kwa hiyo 20 lb ni kilo 9 hivi. Watu husoma hapo na kudhani fimbo haiwezi samaki wa zaidi ya kilo 9. Siyo hivyo. Hiyo ni nguvu ya mshipi unaofaa fimbo hiyo. Kolekole wa kilo 15 anaweza kutolewa kwa mshipi wa kilo 9, mradi breki ya rili imelegezwa vizuri aachiwe akimbie mpaka achoke. Kawaida ya wavuvi wa fimbo ni kuweka breki kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi wa kilo 9, mizani ya kuning'iniza ikivutwa na mshipi isome kilo 2 na nusu hivi, au 3, ndipo rili ianze kuachia.

Namba ya mwisho ndiyo inayovunja fimbo nyingi: uzito wa kurusha. Wakia 1 ni gramu 28. Fimbo nyingine huandikwa moja kwa moja kwa gramu, mfano 20–60g. Huo ni uzito wa kila kitu kinachoning'inia mwisho wa mshipi, chubwi na chambo pamoja. Mtu anafunga chubwi ya gramu 150 kwa sababu mkondo ni mkali, anarusha kwa nguvu zote, na fimbo inakatika kwa mlio kama kuni kavu. Kisha jina la kampuni linachafuliwa kijiweni wiki nzima. Anayevua kwenye mkondo mkali anunue fimbo ya gramu 100 na zaidi tangu mwanzo, hata kama haipendezi mkononi. Kwenye fimbo za Kijapani unaweza pia kukuta PE 1.5 au PE 3. Hiyo ni namba ya unene wa mshipi wa kusokota, haihusiani na uzito wa samaki wala wa chubwi.

Baada ya maandishi, tazama pete

Pete ndizo mshipi unapita, na ndipo kiwanda kinapobana matumizi kwanza. Hesabu ya haraka: pete moja kwa kila futi, ukiacha ile ya nchani. Fimbo ya futi 7 yenye pete 4 inauza urefu, haiuzi kazi. Pete zikiwa chache, fimbo ikipinda mshipi unakata kona kali na mzigo wote unakaa sehemu moja.

Ndani ya pete nyingi kuna duara la kauri. Likiwa na ufa, hata mdogo usioonekana kwa macho, linakuwa kisu. Njia ya kulijua haina gharama: chukua pamba au kipande cha soksi ya nailoni, pitisha ndani ya kila pete na uzungushe. Ikinasa hata uzi mmoja, rudisha fimbo rafuni. Anayetumia mshipi wa kusokota awe mkali zaidi hapa, maana mshipi huo unachimba mfereji kwenye pete laini, na mfereji huo nao unaukata mshipi. Ukiona jina Fuji kwenye pete, hiyo ni kampuni ya Japani ya pete na vishikio vya rili, inayouzia viwanda vingi vya fimbo. Ni dalili nzuri, lakini nayo inaigwa, kwa hiyo pamba ipite tu.

Kingine ni unyoofu. Shika fimbo usawa wa jicho kama seremala anavyotazama ubao. Pete zote ziwe mstari mmoja, na vipande viwili vikiungana visicheze. Dukani hili linachukua dakika moja. Mtandaoni haliwezekani, na ndiyo maana kununua mtandaoni bila haki ya kurudisha ni kucheza kamari.

Kaboni au faiba?

Faiba ni nzito kidogo, inapinda sana, na inavumilia kugongwa. Kaboni ni nyepesi na inapeleka hisia hadi mkononi, lakini haipendi kugongwa. Ikigonga ukingo wa mtumbwi leo inaweza isionyeshe kitu, ikakatika mwezi ujao ikiwa na samaki. Kuna nyingi pia zilizochanganywa, na kwenye bei ya kati mchanganyiko huo una maana kubwa.

Usitishwe na "24T", "30T" au "40T". Namba hiyo inaeleza ukavu wa nyuzi za kaboni, haielezi uimara. Ikipanda, fimbo inakuwa nyepesi na kavu zaidi, na mara nyingi uvumilivu wake wa kutumiwa vibaya unapungua. IM6 na IM7 nazo zilianza kama majina ya bidhaa za kampuni moja ya Marekani inayotengeneza nyuzi hizo. Si madaraja ya kimataifa, kwa hiyo IM7 ya kiwanda hiki huwezi kuipima na IM6 ya kile.

Sasa majina

Ubishi wa Penn, Shakespeare na Abu Garcia unapoteza ladha kidogo mtu akijua kwamba yote matatu yako chini ya mwenye mali mmoja, Pure Fishing ya Marekani, pamoja na Berkley na Mitchell. Ni watoto wa nyumba moja waliogawiwa kazi. Penn amepewa bahari: mipini mikubwa, pete imara, na seti za fimbo na rili kama Pursuit na Battle. Kwa anayeanza kuvua chumvini, seti ya namna hiyo mara nyingi inatoka nafuu kuliko kununua vipande vyake kimoja kimoja. Abu Garcia, iliyoanzia Sweden mwaka 1921, ina Veritas, ya kaboni nyepesi, nzuri kwa kurusha chambo bandia kutwa nzima.

Shakespeare ndiye mwenye Ugly Stik, fimbo inayouzwa tangu 1976. Toleo la GX2 huko Marekani linauzwa kama dola 40 hadi 60. Limechanganya kaboni na faiba, ncha yake ni faiba inayopitisha mwanga, na pete zake ni za chuma kisichoshika kutu, kipande kimoja bila kauri ya kung'oka. Ubaya wake ni uzito: inaelemea mbele, na mkono unachoka. Lakini kwa fimbo ya kwanza, ya mtu anayepanda boda akiwa nayo, anayeilaza juu ya mawe na kuiazima kwa shemeji, ni vigumu kuishinda. Kule inauzwa na dhamana ya miaka 7. Kwa aliyeko Tanga au Kisumu dhamana hiyo haina nguvu kubwa, kwani gharama ya kuirudisha ng'ambo inaweza kukaribia bei ya fimbo nyingine. Dhamana ya kweli huku ni duka linalojibu simu.

Shimano na Daiwa ni za Japani, na kila moja inajitegemea. Shimano ni ileile ya gia za baiskeli, iliyoanza 1921 mjini Sakai. Kwenye bei ya kati wote wawili hutoa fimbo za kaboni zenye uwiano mzuri mkononi kuliko Ugly Stik, na zinazohitaji adabu zaidi. Okuma ya Taiwan, iliyoanza 1986, mara nyingi inashuka kidogo kwa bei, na inastahili kutazamwa kabla ya kuipita. KastKing inauza zaidi mtandaoni. Fimbo yake ya Perigee II ina kaboni ya Toray na pete za Fuji, na baadhi ya matoleo yanakuja na ncha mbili za nguvu tofauti. Ncha ya pili si jambo dogo mahali ambapo kupata kipuri ni shida.

Kwa kifupi cha dukani: anayekaa na chambo miambani achukue mchanganyiko wa faiba na kaboni, anayerusha chambo bandia mamia ya mara kwa siku alipie kaboni nyepesi. Na yeyote asimalize hela zote kwenye fimbo. Mwenye 15,000 za Kenya au 300,000 za Tanzania kwa vyote, ni busara nusu au zaidi kidogo iende kwenye rili, kwa sababu maji ya chumvi yanaila rili kwanza.

Ikishanunuliwa, inayoiua mara nyingi ni mikono ya mwenyewe. Samaki akifika karibu, mtu anainua fimbo wima kupita kiasi ili amnyanyue, mzigo wote unahamia nchani, na ncha inaondoka. Samaki anyanyuliwe kwa wavu, au kwa mshipi ukiwa umeshikwa na kitambaa. Ikitoka baharini, fimbo ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa miguu ya pete na pale rili inapofungwa. Ile ya kuvuta na kurudisha ioshwe kipande kwa kipande, maana mchanga unajificha kwenye maungio.

Na hili si la kuiokoa fimbo: kaboni inapitisha umeme. Radi ikianza kunguruma, ilazwe chini na mvuvi atoke kwenye maji na mwamba. Njiani kwenda kuvua, ibebwe ikiwa imekunjwa au imetenganishwa, isipite wima chini ya nyaya za umeme.